Somo: Kufungua hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ya injini ya dizeli kuukuu mwenyewe, na kuifunga isirudi kuvuja

Naandika haya mara moja ili nisiyarudie tena. Swali ni lilelile: "Dizeli yangu haiwaki asubuhi na inafuka moshi, nitafute injini nyingine?" Mimi sijui, na wewe hujui, kwa sababu hujapima. Nazungumzia injini za zamani zisizo na kompyuta, silinda 4 za mstari mmoja, pampu ya gia au mkanda. Kama yako ina sensa kila kona, somo hili si lako.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Dizeli haiwashwi na cheche. Hewa hubanwa mara 16 hadi 22 hivi mpaka inakuwa na joto la kuwasha mafuta yenyewe. Kwa hiyo inadai mambo matatu tu: izunguke kwa kasi, ibane, na mafuta yafike bila hewa ndani yake. Injini nyingi zinazoitwa mfu zina betri dhaifu, waya wa hasi ulioota kutu, au mpira wa mafuta uliopasuka.

Tundika kidumu cha dizeli safi juu ya usawa wa pampu, kiunganishe moja kwa moja kwa mpira unaoonyesha ndani, mafuta ya kurudi nayo yaelekezwe kidumuni. Toa hewa, piga stata. Ikiwaka na kutulia, ugonjwa uko kati ya tangi na pampu. Funga boneti, hedi haina kosa.

Moshi mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo. Anza na filta ya hewa. Wa bluu ni oili. Mweupe unaowasha macho ni dizeli isiyoungua. Mweupe wenye harufu ya utamutamu, huku maji ya rejeta yakipungua, ni maji yanaingia ndani. Na ukiona bomba la juu la rejeta limekakamaa wakati injini bado ya baridi, gesi ya silinda imepenya kwenye maji. Hapo ndipo tunafungua hedi.

HATUA

1. Toa waya wa betri, mwaga maji, piga picha kila upande.

2. Zungusha injini kwa spana mpaka silinda ya 1 iwe juu kabisa, alama za taimingi zikutane. Ongeza alama zako kwa rangi.

3. Toa manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa na kutolea moshi), mabomba ya mafuta na nozeli (vipulizia mafuta). Ziba kila tundu papo hapo kwa nailoni safi, si kwa tambara lenye nyuzi.

4. Legeza boliti za hedi injini ikiwa baridi, kutoka nje kuelekea katikati, kidogo kidogo. Chora umbo la hedi kwenye kipande cha boksi, toboa, chomeka kila boliti na kila pushirodi (fimbo ya kusukuma valvu) mahali pake.

5. Inua hedi, ilaze juu ya vipande viwili vya mbao.

6. Kwangua gasketi ya zamani (kizibo bapa kati ya hedi na bloku, yaani mwili wa injini) taratibu. Usitumie grainda wala diski ya msasa: vumbi lake hushuka kwenye oili na kula beringi.

7. Pima unyoofu kwa rula nzito ya chuma na fila geji (vibati vya kupimia mwanya): urefu, upana, na mishazari yote miwili. Mwanya wa 0.05 mm kwa kawaida hauna neno. Ukikaribia 0.10, fungua kitabu cha injini yako. Usikimbilie kupiga fesi (kusaga uso wa hedi kwa mashine), maana ukiila hedi, valvu zinasogea karibu na pistoni, na baadhi ya hedi za dizeli haziruhusiwi kuguswa kabisa.

8. Saga valvu kwa unga wa kusagia mpaka uone pete ya kijivu isiyokatika. Osha. Osha tena. Mimina dizeli kwenye tundu la manifoldi. Ikidondoka upande wa pili, bado.

9. Hapa usiwe na haraka. Gasketi za dizeli nyingi hazina unene mmoja. Pistoni hutokeza juu ya bloku kwa sehemu ya milimita, na kiasi hicho ndicho kinachoamua gasketi ipi itumike. Zote zinafanana machoni. Tofauti ni vitundu vidogo au mikato kwenye ukingo, kimoja, viwili au vitatu. Muuzaji atakupa aliyonayo na kuapa kwamba ndiyo. Ukiweka nyembamba kupita kiasi, pistoni itagonga valvu au hedi. Ukiweka nene, kompresheni inashuka na asubuhi ya baridi utalia na stata. Hesabu mikato ya gasketi uliyotoa, lakini usiiamini peke yake, kwani aliyefungua kabla yako huenda naye alipewa iliyokuwepo. Weka geji ya saa juu ya kila pistoni, kwenye mstari wa pini yake ili isikudanganye kwa kuyumba, chukua iliyotokeza zaidi kuliko zote, kisha linganisha na jedwali la kitabu.

Bado hatua ni hiyohiyo: kausha matundu ya boliti kwenye bloku. Nyonya kwa bomba la sindano, kisha ingiza tambara kwa bisibisi mpaka litoke kavu. Maji na oili havibanwi. Boliti ikishuka juu ya majimaji, ama toki (nguvu ya kukaza) itakudanganya kuwa imekaza, ama bloku itapasuka. Mlio wake ni "tk" ndogo tu, na huo ndio mwisho wa bloku.

10. Rudisha hedi, kaza boliti kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa toki renchi. Kama kitabu kinataka nyuzi (digrii za kuzungusha boliti) baada ya toki, nunua boliti mpya.

11. Nozeli zirudi na washa (pete) mpya za shaba. Rekebisha tapeti (mwanya wa valvu). Oili mpya, filta mpya, maji. Toa hewa, washa.

Onyo moja la mwisho: usipapase uvujaji wa bomba la nozeli kwa kidole. Mafuta hutoka hapo kwa presha inayopita bar 100 na yanapenya ngozi. Kidonda kitaonekana kama tone, lakini nenda hospitali saa hiyohiyo, useme ni dizeli ya presha.

MASWALI

Kidumu_Chekundu: Mkuu, yangu inatoa moshi, tatizo nini?

Mtoa somo: Rangi gani?

Kidumu_Chekundu: Moshi tu wa kawaida.

Mtoa somo: Rudi juu, soma aya ya moshi.

Boliti13: Nikipaka silikoni pande zote mbili za gasketi si ndiyo usalama zaidi?

Mtoa somo: Hapana. Hufungwa kavu, isipokuwa mtengenezaji aseme vinginevyo. Silikoni ikizidi hukatika na kuziba njia ya oili.

Boliti13: Lakini fundi wangu hupaka siku zote. Na boliti hurudishia zilezile.

Mtoa somo: Basi muulize yeye. Boliti za nyuzi zimeshavutika zikikazwa mara ya kwanza. Kitabu kikiruhusu kuzirudia, kitakupa urefu wa mwisho, pima. "Naziona nzima" si kipimo.

Dada_Spana: Shikamoo fundi. Silinda ya 3 nahisi ni dhaifu. Naweza kuhakikisha kabla ya kufungua, na kujua kama ni ringi au valvu?

Mtoa somo: Marahaba. Swali zuri hili. Injini ikiunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta (sailensa), legeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine, umevaa miwani na glovu, tambara limefunika nati. Silinda isiyo na kasoro ukiilegezea nati, mlio hubadilika. Isiyofanya kazi haibadilishi kitu. Kisha pima kompresheni za zote. Ikiwa ya 3 iko chini, tia oili kijiko kimoja cha chai, si zaidi, kwa sababu chumba cha dizeli ni kidogo na oili haibanwi. Zungusha kwa mkono mizunguko miwili, upime tena. Ikipanda sana, ni ringi au laina (ganda la ndani ya silinda). Ikibaki palepale, ni valvu au gasketi. Ukiwa na kompresa ni raha zaidi: pistoni iwe juu valvu zimefungwa, gia iwe imekamata gari lisisogee, ingiza hewa, sikiliza. Upepo ukitokea ekzosi ni valvu ya kutolea, kwenye filta ya hewa ni ya kuingizia, kwenye mfuniko wa oili ni ringi, mapovu kwenye rejeta ni gasketi au ufa.

Dada_Spana: Mapovu! Na silinda mbili jirani zikiwa chini kwa pamoja?

Mtoa somo: Gasketi imeungua katikati yao. Umeshakuwa fundi.

Msafiri_Usiku: Naharakisha kwa kupulizia etha kwenye hewa, inawaka vizuri tu.

Mtoa somo: Plagi za joto zikiwa zimewaka, etha hulipuka mapema na kuvunja ringi. Acha.

Fila_Geji: Naongezea kwa wa silinda 4 zenye valvu 8: kwenye tapeti tumia hesabu ya 9, yaani namba za valvu mbili zijumlike 9. Valvu ya 1 ikishuka kabisa, rekebisha ya 8. Ya 3 ikishuka, ya 6.

Mtoa somo: Sahihi, ila hakikisha kwanza kwamba ya 1 na ya 8 ni za aina moja, zote za kutolea au zote za kuingizia. Mpangilio ukiwa tofauti, fuata kitabu.

Boliti13: Na mikono inasafishwaje? Sabuni haitoi.

Mtoa somo: Sukari kijiko kimoja na sabuni ya maji, sugua kabla hujalowanisha mikono.