SOMO: Kumpata daktari wa panya, kobaye (nguruwe wa Guinea) na sungura hapa Lubumbashi

Swali hili nalijibu kila wiki. Naliandika mara moja. Ukiniuliza tena nitakurudisha hapa.

1. Mtafute daktari wakati mnyama wako bado ni mzima.

2. Anzia Fakilte ya Veterineri ya UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), uliza nani anatibu wanyama wadogo. Hata veterineri wa mbuzi anafaa, mradi apite hatua ya 3.

3. Muulize: "Kobaye wangu ana jipu, utampa amoksisilini ya kunywa?" Akisema ndiyo, mshukuru ukate simu. Panya anaivumilia dawa hiyo. Kobaye na sungura inawaulia bakteria wazuri wa tumboni, wabaya wanatawala, mnyama anahara na kufa. Kisha: "Kabla ya operesheni, nimnyime chakula usiku kucha?" Mbwa ananyimwa asije akatapika. Hawa watatu hawatapiki kabisa. Njaa ndiyo itakayowadhuru.

4. Lazima apime kwa gramu, na hapa ndipo wengi wanauawa. Ivermektini (dawa ya vimelea) ya ng'ombe ya asilimia 1 ni mililita 1 kwa kilo 50. Kobaye wa gramu 800 anahitaji mililita 0.016. Hata sindano ya insulini haikisomi vizuri kiasi hicho, kwa hiyo dawa izimuliwe kwanza. Akikadiria kwa macho, chukua mnyama wako muondoke. TAFADHALI.

5. Mpeleke ndani ya kikapu chenye kifuniko na nyasi. Si sachet (mfuko wa plastiki)!

MASWALI

Kijana wa Katuba: Yaya, nipe namba ya docteur.
— Hatua ya 2.

Kijana wa Katuba: Basi ile dawa nizimue na maji?
— Hapana. Haichanganyiki na maji. Nimeandika "daktari", sikuandika "wewe".

Mama wa Kamalondo: Samahani yaya, panya wangu anatoka damu puani na machoni, na usiku anakoroma. Ni baridi hii ya Juni?
— Swali zuri, mama. Mara nyingi si damu, ni machozi mekundu yanayotoka kwenye tezi nyuma ya jicho panya akiugua au akihangaika. Pangusa kwa kitambaa cheupe, ukimulike gizani kwa taa ile ya UV ya kukagulia noti za dola: machozi hayo yanang'aa rangi ya waridi, damu haing'ai. Huko kukoroma ndiko kunanitisha, ni mapafu. Baridi na vumbi vinazidisha tu. Mpeleke leo.

Fundi wa Kampemba: Wangu ni kobaye, anachechemea, hana jeraha.
— Anakula nini?

Fundi wa Kampemba: Pumba na mkate.
— Huenda amepungukiwa vitamini C: mwili wake hauitengenezi, kama wetu, na chakula hicho hakimpi. Aonwe na daktari, na mkate uache.

Mama wa Kamalondo: Mimi kobaye wangu nawapa mapera kwa ajili ya vitamini hiyo, kipande kidogo kila siku. Kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, yaliyopondeka wanakuachia kwa bei ya chini, ila toa palipooza.