Samaki ndugu, mmoja bonge wengine vijiti: la kufanya

Mzee mmoja alikuwa kwenye kiti, kidevu nusu kimenyolewa, akanyoosha kidole kwenye tangi. "Kinyozi, yule mkubwa ndiye baba yao?"

"Hapana mzee wangu, wote ndugu. Wametoka mdomo mmoja."

Sikuteleza ulimi. Hawa ni mbuna wa njano wa Ziwa Nyasa, ambao mama huatamia mayai kinywani wiki tatu hivi au nne, kisha huwatema watoto. Kumi na wanne walitemwa hapa saluni, Barabara ya 12, Ngamiani, jijini Tanga. Miezi minne baadaye mmoja ana sentimita 5, mdogo wa mwisho hajafika 3.

Kama nawe yamekukuta, kwanza kaa uwatazame wakila. Angalia nani anafukuzwa. Bonge langu lilikuwa linasimama palepale ninapomwagia chakula, likishiba linaanza kukimbiza wenzie. Wadogo wamejibanza nyuma ya filta, mapezi wameyabana mwilini. Aliyetangulia kidogo anakula zaidi, akikua anapata nguvu ya kufukuza zaidi, na pengo linazidi kupanuka.

Nilimtoa bonge nikamweka kwenye ndoo, nikaona kazi imekwisha. Wapi! Siku chache tu, aliyekuwa wa pili akashika zamu. Nikamrudisha.

Kilichofaa ni kuwagawa kwa ukubwa. Mtie samaki kwenye bakuli la kioo lenye maji ya tangi, weka rula ya shule chini yake, soma haraka, mtoe. Wakubwa sita niliwapeleka tangi la nyumbani, wadogo wanane wakabaki saluni. Huna tangi la pili? Kata wavu mgumu wa plastiki, uweke katikati maji yapite, ila ubane pembeni kabisa maana kadogo kanapenya popote. Na usipime mara moja ukasahau. Kila wiki mbili rudia, kwa sababu hata kwenye wale wanane bonge jipya litachomoza.

Chakula nacho nilikuwa nakosea. Punje ninazowapa wakubwa hazikuwa zinaingia kwenye midomo ya wadogo; wanazidaka, wanazitema, mwingine anazichukua. Sasa nanunua uduvi mkavu soko la Deep Sea, naloweka kutoa chumvi, naanika tena, natwanga mpaka uwe vumbi. Nawapa kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku, kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili, na namwagia ncha zote mbili za tangi kwa wakati mmoja. Bonge hawezi kuwa pande mbili. Mchicha uliochemshwa kidogo huwa naongeza, maana mbuna akishindiliwa vyakula vizito tumbo humsumbua.

Maji: tangi langu ni la lita 120, natoa theluthi kila wiki. Ya bomba yana klorini, yalaze siku nzima kwenye ndoo wazi. Yakichafuka wote wanadumaa. Panga na mawe ya chokaa marefu, ili anayefukuzwa apate pa kupotelea machoni (yangu sikuyatoa Mapango ya Amboni, usiniulize).

Ila si kila mdogo ana njaa. Dume la mbuna kwa kawaida humpita jike kwa umbo, hiyo iache. Mwenye tumbo lililoingia ndani, kichwa kikubwa na choo cheupe kama uzi, huyo huenda ana wadudu tumboni. Mtenge kabla ya kumwonea huruma. Mgongo uliopinda haunyooki.

Wiki sita zimepita. Kati ya wale wanane, saba wamevuka sentimita 3 na nusu, mmoja kagoma. Mzee aliporudi kunyoa alimtafuta "baba". Nikamwambia yuko nyumbani na wakubwa wenzie, na huko siku hizi yeye ndiye anayejibanza nyuma ya filta.