Kuchagua gemu kali kuliko zote za miaka kumi iliyopita: venye mnaeza fanya bila kukosana

Ukikaa pale kwa PS mtaani, zile duka za kulipa ucheze PlayStation hapa Nairobi, iwe Umoja, Pipeline ama Kayole, hii mabishano ya gemu gani ni kali kuliko zote lazima itaanza tu. Mmoja anasema GTA, mwingine anamrukia na God of War, kuna yule wa kona ameshikilia FIFA 19 hataki kusikia mtu, na mwishowe mwenye biashara anawaambia kama hamlipi mechi mtoke nje. Haifikangi mahali. Na si ati wasee hawajui gemu, shida ni kila mtu anajibu swali lake: huyu anataja yenye amecheza sana, yule anataja yenye ilimtoa machozi, mwingine yenye mbogi yake yote ilikuwa inacheza wakiwa form three. Kwa hivyo kabla mtu ataje jina kuna vitu mnafaa kukubaliana kwanza, na mimi nitawaambia venye naona, halafu nitataja yangu pia ndio msiseme nimejificha.

Anzeni na tarehe. Mimi nimeweka Januari 2016 hadi Desemba 2025, na yenye inahesabika ni siku gemu ilitoka mara ya kwanza kabisa, si siku ilifika kwa PS yako. Hapo tayari kuna watu watanuna. GTA V ilitoka Septemba 2013, kwa PS3 na Xbox 360. Ati ikaja tena kwa PS4 mwaka 2014, kompyuta 2015, PS5 2022, sawa, lakini ni gemu ile ile imebadilishiwa nguo, na ukiruhusu hiyo basi ruhusu pia Minecraft ya 2011, na hapo hamchagui tena gemu ya miaka kumi. Yenye inauma zaidi ni The Witcher 3, Mei 2015, imefungiwa mlango ikiwa hapo tu nje. Hata Nairobi X ya Andrew Kaggia, ile ya kupigana na viumbe wa anga za juu wakivamia jiji letu, pia ni ya 2015. Kama Witcher ndio roho yako sogeza dirisha lianze 2015, si sheria ya serikali, bora useme mapema na si baada ya kuona venye kura zinaenda.

Kitu ya pili, ondoa zote zenye umeona tu YouTube. Hii inaondoa nusu ya mabishano, trust me. Mtu atakwambia Red Dead Redemption 2 ndio bora juu ya stori, na ukimsikiza unagundua aliangalia jamaa mwingine akicheza, yeye hajawahi kuishika. Muulize mikono yake ilikuwa inafanya nini. Mwenye ameicheza atakwambia venye unawinda paa, unambeba unamfunga nyuma ya farasi, ukizubaa njiani mzoga unaanza kuoza na nzi wanakuja, ndevu za Arthur, yule mhusika unacheza naye, zinamea kama hujanyoa, na kuna siku unaingia mjini kununua risasi tu na moja kwa moja unaishia kupigana kwa baa na watu hujui ata wamekasirikia nini. Hiyo huipati kwa kuangalia. Stori nzuri kuna sinema na vitabu vya kufanya hiyo kazi, gemu uipime na kenye inakupea ufanye.

Halafu kuna mambo ya mashine na watu huwa wanaidharau. Usihukumu gemu na padi, ile ya kushika mkononi ukicheza, ikiwa imechoka. Zile padi za kwa PS unazijua, raba ya kijiti cha kushoto imeisha imebaki plastiki inateleza, kijiti chenyewe kinavuta upande hata kama hujagusa, na kitufe cha L1 inabidi ukifinye kama umemkasirikia mtu. Sasa chukua hiyo uende ucheze Sekiro ya 2019, gemu yenye imekaa yote juu ya L1, kukinga upanga wa adui ile sekunde unakugusa, ukichelewa kidogo tu umekatwa. Utasema gemu ni mbaya na ni padi ya watu. Tafuta msee ako na padi nzima, ama lounge ya pesa kidogo huko tao, ulipe masaa kadhaa ucheze vizuri. Hiyo pia ndio njia ya kufikia zile haziko kwa PS4, kama Baldur's Gate 3 ya 2023, juu wengi wetu bado tuko PS4 na hiyo ilikuja kwa kompyuta na PS5. Kama ni kudaunlodi jua kwa kompyuta inataka karibu GB 150, usijaribu na bando ya simu.

Sasa hapa ndio Nairobi nzima itanikasirikia. Gemu za mpira za kila mwaka, mimi siziweki kwa orodha. Najua ndio zinalipa kodi ya kila duka la PS hapa jijini, najua tumekua nazo, lakini jaribu hii: upewe padi bila kuona menyu, jezi wala sajili mpya, uambiwe useme kama ni FC 24 ama FC 25. Hata mwenye anachezanga kila siku ataanza kukuna kichwa. Kama hamuezi kutaja toleo moja na mseme hii hapa ilifanya kitu zingine hazikufanya, basi mnachagua jina na mazoea, na hata jina lenyewe lilibadilika, FIFA iliishia na 23 ikawa FC. Upande ule mwingine PES, mpinzani wake, iligeuka eFootball 2021, ikatoka na sura za wachezaji zenye zilifanya dunia nzima icheke. Utamu wa mpira uko kwa huyo mjinga umekaa naye kwa kochi anakuchoma mabao matano akiimba. Mtoe uone.

Mtu atauliza basi Tekken je, ile ya kupigana, si pia ni ya watu wawili? Ni kweli, lakini Tekken haikuji kila Septemba na jezi mpya. Unashika mhusika mmoja miezi na miezi na bado unapata kitu hukujua, na hapa kwetu Sylvia Gathoni, anajulikana kama Queen Arrow, amejenga jina la kimataifa nayo. Tekken 8 ya Januari 2024 ingieni nayo bila wasiwasi. Tekken 7 kwa sheria yangu ya tarehe imeanguka, ilianza kwa mashine za arcade, zile za kutia sarafu, huko Japani 2015, hata kama sisi tuliipata 2017. Sheria ni sheria, hata mimi iliniuma.

Kuna zenye zilitoka vibaya zikarekebishwa. Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, kwa PS4 ilikuwa aibu, wiki ikiisha tu Sony wakaiondoa kwa duka lao la mtandaoni hadi Juni 2021. Leo ni gemu tamu kabisa. No Man's Sky ya 2016 nayo ni hadithi hiyo hiyo, ilitukanwa ikitoka, wenye waliitengeneza wakakaa kimya wakafanya kazi miaka. Mimi napima venye iko leo, lakini kwa namba moja haingii, juu wale walilipa siku ya kwanza walilipia kitu nusu na siezi jifanya hiyo haikutendeka. Wewe ukiona tofauti ni sawa, bora muweke msimamo mmoja kwa zote, si Cyberpunk mnasamehe halafu eFootball mnanyonga.

Na msisahau simu, wengi wa Nairobi wanacheza kwa simu na wengine hawajawahi gusa padi. Usiwafungulie kategoria ya huruma, weka gemu zao meza moja na zingine. Ya kuuliza ni moja tu, je, mwenye pesa anashinda mwenye mkono? Call of Duty: Mobile ya 2019 na Free Fire ya 2017 zimefanya watu wengi wajue raha ya gemu bila kununua mashine, heshima yake iko, lakini kila ukifungua kuna kitu inakutolea macho ununue, na mimi gemu ikianza kuniongelea kama mtu wa kamisheni natoka. Sasa linganisha na Stardew Valley ya 2016, ya kulima na kufuga, imetengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, na iko kwa simu. Ama Vampire Survivors, unatembea tu na silaha zinapiga zenyewe, inakaa ya mtoto, na nusu saa ikiisha hujui imeenda wapi. Ilitoka 2022, kwa simu ni ya bure, na ilichukua tuzo ya BAFTA ya Uingereza ya gemu bora mwaka 2023 ikiwapiga wakubwa wenye mamilioni. Kwa hivyo ukiambiwa gemu bora lazima iwe ya PS5, kataa.

Tuzo zenyewe zitumie kama orodha ya kuanzia, usizifanye jibu. The Game Awards, zile tuzo kubwa za gemu za kila mwaka, walipea Zelda: Breath of the Wild 2017, God of War 2018, Sekiro 2019, The Last of Us Part II 2020, It Takes Two 2021, Elden Ring 2022, Baldur's Gate 3 2023, Astro Bot 2024, na Clair Obscur: Expedition 33 ya Wafaransa 2025. Pale kura za watu wa kawaida ni asilimia 10, hizo zingine 90 ni za waandishi na vyombo vya habari. Ni orodha safi, lakini hizo ni za mwaka na mwaka, hazijawahi kukutana.

Kuzikutanisha msifanye ya mtoano. Najua ndio tunapenda, unaandika majina kwa karatasi unachanganya, lakini draw ikiwa mbaya God of War inakutana na Elden Ring raundi ya kwanza na kitu dhaifu inafika fainali kwa bahati. Kila mtu alete tatu, ya kwanza pointi tano, ya pili tatu, ya tatu moja, na kila ukitaja yako unaeleza kitu kimoja ulifanya ndani wewe mwenyewe. Ukikosa kueleza pointi zinakatwa. Na zenye umemaliza juzi zishushe nafasi moja, ndio maana Clair Obscur naipenda sana lakini sijaiweka juu, bado iko moto kichwani.

Yangu ni Zelda: Breath of the Wild, Machi 2017. Wasee wa PS tulieni kwanza. Najua iko kwa Switch, mashine ya Nintendo, na ni wachache wako nayo hapa, lakini wacha nieleze. Kuna siku niko bondeni, kambi ya maadui iko mbele, mvua inanyesha na radi, na upanga wangu wa chuma mgongoni ukaanza kutoa cheche. Hakuna maandishi yalitokea, hakuna mtu alinifundisha. Nikautoa nikautupa katikati yao, mmoja akakimbia akauokota, akainua juu akifurahi, na radi ikamshukia hapo hapo. Gemu yote iko hivyo. Ukiona mlima unaupanda, mvua ikinyesha unateleza, ukisikia baridi unapika pilipili unakula, ukichoma nyasi hewa moto inakuinua na ile parashuti yako. Hata bosi wa mwisho, kasri lake unaliona kutoka mwanzo na ukitaka unaenda moja kwa moja ukiwa na chupi tu, utauawa lakini hakuna mtu anakuzuia. Ubaya wake ni silaha zinavunjika haraka mpaka unaanza kuogopa kupigana, hiyo siitetei. Tears of the Kingdom ya 2023, yenye iliifuata, imeongeza vitu mingi ajabu lakini ardhi ya juu ni ile ile nilikuwa naijua, mshangao wa kwanza hauwezi rudi.

Kama huna Switch na hujui naongea nini, jaribu Genshin Impact ya 2020, ni ya bure kwa simu na PS5, kule kupanda kuta na kuruka na mabawa kumetoka kwa hiyo Zelda, hata kama imejazwa mambo ya kununua wahusika. Namba mbili yangu ni Elden Ring, na hiyo PS4 inaichukua. Ukitoka tu nje mara ya kwanza utaona mtu wa dhahabu juu ya farasi, mkubwa hivi. Mpite mbali, enda ukapate farasi wako na panga ya maana, umrudie baadaye. Tatu ni Baldur's Gate 3, na hapo nne na tano sina haja ya kubishana na mtu.