Namna ya Kuandika Wasifu wa Mhandisi Aliyegeuka Mwanasiasa

Anayetaka kuandika maisha ya mhandisi wa ujenzi aliyeingia katika siasa asianze na kampeni. Aanze na miradi. Tumchukue Süleyman Demirel wa Uturuki, aliyezaliwa mwaka 1924 katika kijiji cha İslamköy, akahitimu uhandisi jijini Istanbul mwaka 1949, na mwaka 1955 akakabidhiwa idara ya serikali inayosimamia maji na mabwawa.

Chora jedwali lenye safu mbili, moja ya tarehe za miradi na nyingine ya vipindi vya madaraka. Kwangu hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote, na inasikitisha kwamba waandishi wengi huiruka. Jiwe la msingi la daraja la kwanza la Bosphorus, mlangobahari unaoigawa Istanbul, liliwekwa Februari 20, 1970, Demirel akiwa Waziri Mkuu. Machi 12, 1971 wakuu wa majeshi walitoa waraka uliomlazimisha kujiuzulu, na daraja likafunguliwa Oktoba 30, 1973, yeye akiwa nje ya serikali. Ukiandika tu kwamba alijenga daraja hilo, umewadhulumu waliolikamilisha. Ukimnyima sifa yote, umemdhulumu yeye. Eleza nani aliuanzisha mradi, nani aliuendeleza na nani alikata utepe.

Kisha wahesabu walioumia. Bwawa la Keban katika Mto Frati, lililoanza kujengwa mwaka 1966, liliipa nchi umeme, lakini maji yake yalifunika vijiji na maelfu ya watu wakahamishwa. Wape nafasi yao katika sura ileile inayolisifu bwawa.

Usiharakishe kipindi cha mpito. Baada ya mapinduzi ya 1960 Demirel alifanya kazi na kampuni ya Marekani ya Morrison-Knudsen, na wapinzani wakamwita Morrison Süleyman. Liweke jina hilo kando ya jina lake lingine la utani, Mfalme wa Mabwawa, ueleze kila moja lilitoka kwa nani.

Kupinduliwa kwake mwaka 1980 na urais wake wa 1993 hadi 2000 vinajulikana. Aya moja inatosha. Afadhali urudi kwenye jedwali: Bwawa la Atatürk lilianza kujengwa mwaka 1983, yeye akiwa amepigwa marufuku kushiriki siasa, likaanza kuzalisha umeme mwaka 1992, akiwa Waziri Mkuu tena. Kipimo ulichokitumia kwenye daraja kitumie na hapa, hata kama safari hii kinampunguzia sifa.