Mazoezi ya mtandaoni: tazama saa kabla ya alama

Wahadhiri wengi tunaotumia Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, tunachungulia alama, basi. Alama zinakwambia nani kapata. Alisomaje, jibu utalikuta kwenye saa.

1. Pakua. Kwenye zoezi, fungua ripoti ya majibu, upakue faili ya CSV, jedwali linalofunguka kwenye Excel. Kabla ya lolote, futa majina na namba za usajili, uandike M01, M02. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka data za watu zilindwe, na hata isingekuwepo, hawa ni watoto wa watu.

2. Sawazisha saa. Data ikitolewa moja kwa moja kwenye hifadhidata, muda huja kama namba ndefu: sekunde tangu 1 Januari 1970, kwa UTC, saa za kimataifa. Mombasa tuko mbele kwa saa tatu. Namba ikiwa A2, andika kwenye Excel:

=A2/86400+DATE(1970,1,1)+3/24

Ukisahau ile 3/24, aliyejibu saa saba usiku ataonekana kajibu saa nne, tena jana yake.

3. Toa muda wa kuanza kwenye makataa, uchore grafu ya pau. Usishangae pau zikijazana usiku wa mwisho.

4. Pima mapengo. Hapa ndipo penye utamu, mradi zoezi linaruhusu kujibu swali lile lile tena. Tuseme umeuliza derivativu ya x² sin x. M07 anaandika 2x cos x, amekosa. Sekunde kumi baadaye, 2x sin x. Kisha x² cos x. Kisha anajumlisha hizo mbili, anapata. Huyo alikuwa anapapasa. M12 anaanza na kosa lile lile, anapotea nusu saa, anarudi na 2x sin x + x² cos x. Kafungua daftari au kauliza mwenzake, data haisemi. Alama zao zinaweza kulingana kabisa.

Safu ya muda uliotumika mimi siiamini. Mtu afungue swali Tudor, avuke feri Likoni, ale, ndipo amalizie: faili itakuambia alihangaika saa tatu.

5. Waulize. Wanaoanza saa sita usiku huenda si wavivu. Pengine simu ni ya nyumba nzima, pengine wanangojea bando. Uliza darasa zima, bila kutaja M wa ngapi, kisha ndipo uguse makataa.