Baada ya kuondolewa zoloto: kutunza pumzi, kurudisha sauti

Siku ya kwanza kuruhusiwa chai wodini, mzee mmoja alikunja midomo apulize kikombe. Chai haikutikisika, kilichopepea ni shashi iliyofunika tundu la shingoni. Zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, likishatolewa, mdomo na pua havina tena njia ya kwenda mapafuni, mtu hupumulia tundu hilo. Mengine yote ninayofundisha wagonjwa yanatokana na hilo.

Kwanza, wafundishe watu wa nyumbani. Mgonjwa akizidiwa, oksijeni iwekwe shingoni, na anayempulizia pumzi apulizie kwenye tundu. Andika kikadi, “NAPUMULIA SHINGONI”, kikae pamoja na kitambulisho. Nimeshuhudia hata wahudumu wa afya wakikimbilia kumfunika mtu uso kwa maski, kwa hiyo msione haya kusema kwa sauti.

Pili, unyevu. Pua ndiyo iliyokuwa ikichuja hewa na kuilainisha. Sasa vumbi na ukavu huingia moja kwa moja na kohozi linaganda. Vaa kichujio cha kutunza unyevu ukikipata. Kama hujakipata, ning'iniza mbele ya tundu kitambaa chepesi kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa kidogo. Usiku anika kanga mbichi chumbani. Jiko la mkaa apike mwingine.

Tatu, usafi, asubuhi na jioni. Nawa mikono, keti mbele ya kioo, washa tochi. Dondoshea maji ya chumvi ya hospitali kwa kiasi ulichoelekezwa, kohoa, futa. Gamba lililoshika lilainishe kwanza. Ukilibandua kavu litatoa damu. Pamba na tishu usitumie, nyuzi zake huvutwa ndani. Ukioga, kinga tundu lisiingie maji. Pumzi ikibana au tundu likianza kusinyaa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nne, sauti, ambayo ndiyo huwaliza wengi. Wapo wanaowekewa vali kati ya koo la hewa na umio, yaani njia ya chakula, wapo wanaojifunza kwa miezi kuingiza hewa kwenye umio na kuitoa ikiwa sauti. Njia ya haraka zaidi ni kifaa cha betri kinachotetemesha shingo. Tafuta kwa kidole sehemu laini chini ya taya, ukigandamize kilale sawasawa. Kikiacha mwanya, utasikika mvumo tu. Shingo ikiwa bado ngumu au ina uvimbe, jaribu shavuni. Bonyeza unapoanza neno, achia unapomaliza. Usisukume pumzi, maana mvumo wa tunduni hufunika maneno. Fungua mdomo, tamka herufi zote. Anza na kuhesabu 1 hadi 10, kisha majina ya watoto. Nanyi mnaomsikiliza, mtazameni midomo na msimmalizie sentensi, hata akichelewa.

Mwisho, harufu. Haikupotea, ila hewa haipiti tena puani. Funga midomo, kisha shusha taya na ulimi kama anayeficha mwayo mbele ya wageni, mara kadhaa mfululizo. Hewa kidogo itavutwa puani. Jizoeze kwa karafuu au ganda la chungwa, na mpaka utakapoweza, mtungi wa gesi akague mtu mwingine.