Kupima ini la panya: nasaba mbili, dozi moja

Ini ni tezi kubwa kuliko zote mwilini, na ndilo linalobeba mzigo mkubwa wa kuvunja kemikali ngeni. Lakini si kila nasaba ya panya hufanya kazi hiyo sawasawa. Kwa anayeanza, linganisha panya wa nasaba za C57BL/6 na DBA/2 kwa kipimo cha EROD, kinachoonyesha utendaji wa kimeng'enya CYP1A1.

1. Ukishapata kibali cha kamati ya maadili, panga madume wa umri mmoja. Ongeza machotara wa kizazi cha kwanza, B6D2F1. Wengi huwaacha ili kubana matumizi, na hapo ndipo jaribio hupoteza nusu ya utamu wake.

2. Wachome sindano ya tumboni ya beta-naftoflavoni, kemikali inayochochea ini kutengeneza CYP1A1, 80 mg/kg, katika mafuta ya mahindi. Katika kila nasaba, nusu wapate mafuta matupu. 3-methilkolanthreni nayo hufaa, ila inaleta saratani, iache.

3. Baada ya saa 48, waue kwa njia iliyoidhinishwa. Pitisha maji ya chumvi baridi kwenye mshipa mkuu unaoingia ini hadi lipauke. Damu ikibaki itavuruga vipimo. Kibofu cha nyongo kitoe kizima. Kikipasuka, osha haraka, maana nyongo huharibu vimeng'enya.

4. Saga ini juu ya barafu katika KCl (kloridi ya potasiamu) ya 1.15%. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 10,000 g dakika 20, chukua maji ya juu, kisha 100,000 g kwa saa moja. Mashapo ya kahawia yanayobaki ndiyo mikrosomu, vipande vya utando wa seli vyenye kimeng'enya hicho. Hifadhi kwenye -80°C.

5. Punguza mwanga. Changanya mikrosomu na ethoksiresorufini, ambayo CYP1A1 huigeuza kuwa kitu kinachong'aa, kwa 37°C, anzisha kwa NADPH, molekuli inayokipa kimeng'enya elektroni, kisha soma mng'ao kwa 530/585 nm. Gawanya kwa miligramu za protini.

C57BL/6 watapanda sana, DBA/2 watabaki karibu na wenzao wa mafuta matupu, na machotara watafuata C57BL/6: sifa ya kuitikia ndiyo inayotawala.

Usiandike kwamba DBA/2 hawana CYP1A1. Jeni wanayo. Tofauti iko kwenye AHR, kipokezi cha ndani ya seli kinachoshika kemikali na kuwasha jeni hiyo, ambacho kwao hushika kwa ulegevu. Mtafiti wa sumu Alan Poland na wenzake walipotumia TCDD, dioksini yenye nguvu sana, miaka ya 1970, DBA/2 waliitikia, ila kwa dozi kubwa takriban mara kumi. Kwa hiyo ripoti iseme "hawakuitikia kwa dozi hii", na jina la nasaba liandikwe hadi herufi ya mwisho, kwani C57BL/6J na C57BL/6N si panya walewale.